Silinda ya Nyuma Kushoto

Vijana wa hanga, mmenipigia simu mara mbili mkitaka niwaambie mfunge monita gani ya injini kwenye ile ndege ndogo mliyoletewa. Mmeziona tatu kwenye simu, mmelinganisha rangi, mkalinganisha bei, na mmoja wenu akaniambia, "Babu, wewe tutajie jina tu, mengine tutamalizia." Jina sitaji. Ukimtajia fundi jina la kioo anadhani kazi imekwisha. Nimeandika haya kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu mbaya, na mtayasoma yote, pamoja na yale yanayonichoma.

Kwa asiyenijua, mie niliishia darasa la nne huko Newala. Nilikuja Dar nikaanza kufagia hanga, nikaishi Vingunguti chumba kimoja, jirani na machinjio, nikawa naenda kazini kwa miguu. Kutoka kwenye ufagio nikaenda kwenye kuosha vipuri, kutoka kuosha vipuri nikaenda kwenye kufungua, na kutoka kufungua nikafika pale ambapo injini ikinguruma nje ya hanga, mie niko ndani nakunywa chai, nawaambia plagi ya upande gani imekufa. Wakaniita Fundi Sikio. Hakuna aliyenipa jina hilo kwa kunihurumia.

Leseni sina. Mtihani wake ni wa Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye maneno yaliyoandikwa kwenye geji. Kwa hiyo kila kazi niliyoifanya ilisainiwa na mwingine mwenye leseni. Nimefunga injini zilizovuka bahari kwenda Mafia mara nyingi kuliko nyie mlivyovuka barabara, na jina langu halimo kwenye daftari la ndege hata moja. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Sasa monita. Zamani ndege ndogo ilikuwaga na geji moja ya joto la silinda. Injini ina silinda sita, geji inasoma moja, tano zilizobaki unamwachia Mungu. Mwalimu wangu, Mzee Bakari, aliyetoka jeshini na vidole saba, alikuwa na dawa yake. Injini ikitetemeka, anaizungusha dakika mbili, anaizima, anafungua kava, anarusha matone ya maji kwenye mabomba ya ekzosi moja baada ya jingine. Bomba linalochemsha maji ni zima. Lisilochemsha, silinda yake haichomi. "Usiniambie unadhani," alikuwaga akisema. "Nionyeshe bomba." Alikuwa mkali kama pilipili na hakuwahi kunisifu. Siku niliyofunga injini yangu ya kwanza peke yangu alizunguka, akarusha maji kwenye mabomba yote sita, akaenda zake bila neno. Nilichukia wiki nzima. Nilitaka aniamini.

Monita ya kidijitali inafanya ile kazi ya Mzee Bakari, tena ndege ikiwa hewani. Kila silinda inafungwa sensa yake, kijiti kidogo cha kupimia joto chenye waya, na nyaya zote zinakwenda kwenye kioo mbele ya rubani. Kwenye kioo unaona nguzo sita zimesimama. Nguzo ikipanda kuliko wenzake, silinda hiyo inaungua. Ni hivyo tu. Aliyekuambia ni uchawi anataka kukuuzia.

Kampuni yetu ilikuwa na ndege mbili, na mwenye kampuni alikuwa Mama Eliya, mtu wa Rombo, mwenye sauti ya chini na macho yasiyosahau. Alipoleta ndege ya tatu, ya mtumba, akaamua ifungwe monita. Akatuita wawili: mie na Neema. Neema alikuwa injinia wetu mwenye leseni, binti wa Mbeya, miaka ishirini na minane, mikono midogo inayoingia pale yangu isipoingia. Alikuwa ananiamkia kila asubuhi kabla hajavaa ovaroli. Mie nilimpenda na nilimwonea wivu, na sikumwambia hata moja kati ya hayo.

Neema alitaka kioo kikubwa cha rangi. Mie nilitaka kidogo cha nguzo nyeusi. Mama Eliya akasema, "Nishawishini."

Nilichofanya kilikuwa hiki, na nyie mkifanye. Muuzaji alikuwa ametuazima vyote viwili. Nikaviweka juu ya pipa la mafuta nje ya hanga, saa sita mchana, nikaviunga kwenye betri. Nikamwambia Mama Eliya asimame umbali ule anaokaa rubani na kioo, na miwani yake ya jua. Kioo kikubwa kikageuka kuwa cha kujitazamia.

"Unaona nini, mama?"

"Najiona mwenyewe," akasema. "Na nimezeeka."

Neema akacheka mpaka akashika pipa. "Mzee, umenimaliza. Haya, chukua ushindi wako."

Nikauchukua. Nikautembeza hanga nzima siku tatu. Kila aliyepita nilimwambia: huyu ana leseni, mie nina pipa.

Basi na mengine ya kuangalia ni haya. Hakikisha kina sensa ya kila silinda, siyo moja ya kuwakilisha wenzake kama mjumbe wa nyumba kumi. Uliza makaratasi: kimeidhinishwa kwa ndege ya aina yenu, na je, kinaruhusiwa kuchukua nafasi ya geji za zamani, au kinakaa pembeni yake tu? Wengi wanang'oa geji kwanza na kuuliza baadaye, ndege inakaa chini miezi. Angalia kengele yake: iwe taa ambayo rubani hawezi kuizima kwa kidole akaisahau. Angalia kama kinatunza kumbukumbu ya safari, halafu muulizane ni nani atakayeitoa hiyo kumbukumbu na kuisoma, kwa sababu kumbukumbu isiyosomwa ni uzito tu wa kubeba. Na sensa zake, zikifa, mtazipata wapi na kwa siku ngapi? Sensa hufa. Mama Eliya hakuuliza hilo, Neema hakuuliza, na mie sikuuliza, na mtaona lilivyotugeukia.

Nilifunga mie. Neema alikuwa kwenye ndege nyingine, akaniachia. Nyaya zilikuja na vipete vidogo vyenye namba, moja mpaka sita. Sasa hapa ndipo pa kusikiliza.

Kuna watengenezaji wa injini wanaohesabu silinda kuanzia mbele, kwenye panga boi. Kuna wengine wanaohesabu kuanzia nyuma, upande wa rubani. Ndege zetu mbili za zamani zilikuwa za kuhesabu mbele. Hii ya mtumba ilikuwa ya kuhesabu nyuma. Neema alilijua hilo, liko kwenye kitabu cha mtengenezaji. Mie kitabu sikukisoma. Na miaka yote ile sikuwahi kuita silinda kwa namba. Niliziita kwa mahali: ya mbele kulia, ya nyuma kushoto. Namba zilikuwa za wanaosaini. Siku ile nilitakiwa kufuata namba kwa mara ya kwanza, nikahesabu kama nilivyowasikia wakihesabu miaka yote: kutoka mbele. Namba zimechorwa kwenye chuma chini ya kila silinda. Grisi ilikuwa imezifunika. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwangu.

Jioni Neema akaja kukagua kabla ya kusaini. Akatazama nyaya zilivyolala, hakuna inayogusa ekzosi, zimefungwa vizuri. Kazi yangu ya nyaya huwa safi. Akatoa kiberiti cha gesi mfukoni. Alikuwa ameenda kukinunua kioski mchana.

"Mzee, tupashe sensa moja moja. Wewe washa, mie nisome kioo. Dakika kumi tu."

Ndivyo inavyopimwa. Unachomoa sensa, unaipasha kidogo, unaangalia ni nguzo ipi inapanda. Ukipasha ya silinda ya pili, ipande ya pili. Mtoto wa shule anaweza.

Mie nikamwambia, "Unanipima mie?"

"Siyo wewe, mzee. Nyaya."

"Nyaya nimezifunga mie. Ukizipima, umenipima. Kabla hujazaliwa nilikuwa nafunga injini. Weka kiberiti chako, kapikie chai."

Kulikuwa na mafundi wengine wawili pale, wakacheka. Neema akanitazama kidogo. Halafu akakirudisha mfukoni, akachukua kalamu, akasaini.

Wiki ya pili nguzo ya tatu ikapanda. Tukafungua silinda ya tatu, tukakuta mpira unaoelekeza upepo wa kuipoza umelegea. Tukaukaza, nguzo ikashuka. Hanga nzima wakanipigia makofi, na Mama Eliya akanunua soda. Sasa nawaambia kwa nini ilitokea hivyo: silinda zimekaa jozi tatu, kulia na kushoto; ukihesabu sita kutoka mbele au kutoka nyuma, zile mbili za katikati hazibadiliki. Ya tatu ni ya tatu, ya nne ni ya nne. Kosa langu lilikuwa kwenye silinda nne za pembeni, mbili za mbele na mbili za nyuma, na ya katikati ikalifunika. Laiti ingeanza kuumwa ya pembeni siku ile, injini ingali mpya machoni petu, tungeshtuka. Tulikunywa soda.

Mwezi haukuisha, nguzo ya sita ikaanza kupanda. Kapteni Haule ndiye aliyekuwa akiirusha ndege hiyo, mtu wa Songea, mpole, mwenye kuimba kwaya hewani abiria wasisikie. Akaja na karatasi: ya sita, safari mbili mfululizo. Neema akafungua silinda ya sita, kwa kitabu chake: ya mbele kushoto. Akaipima pumzi, nzuri. Akaingiza kamera ndani, safi kama kikombe. Akakuna kichwa.

"Silinda nzima, nguzo inapanda. Mzee, unasemaje?"

"Sensa imekufa," nikasema. "Agiza nyingine."

Nilisema hivyo bila kusimama. Nilikuwa nakula. Kama angepasha ile sensa ya mbele kushoto siku ile, angeona inapanda nguzo ya pili, na mambo yote yangefunguka. Hakupasha. Huwezi kuchekesha watu juu ya kiberiti cha mtu halafu ukategemea akitoe tena.

Sensa ikaagizwa. Ikasemwa wiki tatu. Neema akaandika kwenye daftari kwamba sensa ya sita ni mbovu, inasubiriwa, na geji ya zamani inafanya kazi. Geji ya zamani ilikuwa inasoma silinda nyingine kabisa. Kapteni Haule akauliza, "Kwa hiyo niipuuze?" Neema akanitazama mie. Mie nikamwambia Haule, "Ipuuze, mwanangu. Imba zako."

Na nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo. Baada ya safari moja niliweka kiganja karibu na silinda ya nyuma kushoto, nikahisi moto usio wa kawaida. Nikajiambia za nyuma huwa za moto siku zote, upepo hauzifikii vizuri. Mkono wangu uliniambia ukweli na nikautafutia sababu.

Safari ya nne tangu nimwambie aipuuze, Haule alikuwa anarudi kutoka Kilwa na abiria wawili. Juu ya Rufiji injini ikaanza kutikisika, ikapoteza nguvu, mafuta yakaruka kwenye kioo cha mbele. Akaiweka kwenye shamba la mpunga. Abiria walitoka na matope. Haule alitoka amebebwa. Uti wa mgongo. Anatembea sasa, kwa fimbo, lakini hajawahi kurusha tena, na kwaya ameacha kwa sababu hawezi kusimama muda mrefu.

Injini ililetwa na lori. Tulipofungua kava, kichwa cha silinda ya nyuma kushoto kilikuwa kimepasuka. Neema aliinama. Akachukua kitambaa, akafuta grisi chini ya silinda ile, taratibu, kama anayefuta uso wa mtoto. Ikatokea namba mbili. Kisha akafuata waya wake kwa kidole mpaka kwenye kipete. Kipete kilisema sita. Akainua macho akanitazama. Mie nikatazama nje.

Wakaguzi walikuja. Wakamwuliza Neema nani alifunga monita. Karatasi ilisema yeye. Akajibu, "Saini ni yangu." Mie nilikuwa hatua kumi, nimeshika spana isiyo na kazi, nikanyamaza. Nilijiambia wataniuliza. Hakuna aliyeniuliza. Nani amwulize mzee wa spana?

Siku tisa nilinyamaza. Msinitafutie sababu, nimeshajitafutia zote. Siku ya kumi nikasikia leseni yake imechukuliwa. Nikavaa shati jeupe nikaenda ofisini kwa wakaguzi. Nikamkuta kijana wa rika la Neema, akaninyenyekea vizuri, shikamoo, kaa mzee, chai?

"Waya nilifunga mie," nikamwambia. "Yeye hakugusa hata mmoja."

Akafungua daftari la ndege. Akapekua nyuma, akapekua mbele. "Jina lako hapa silioni, mzee."

"Halipo. Halijawahi kuwepo. Lakini nilifunga mie."

"Mzee, kwetu aliyefunga ni aliyesaini. Na kama aliruhusu mtu asiye na leseni afunge bila kukagua, hilo linamwongezea yeye." Akafunga daftari kwa adabu. "Ungependa niliandike?"

Nilifikiri. Nikasema hapana. Nikatoka.

Miaka thelathini na zaidi nilililia jina langu liingie kwenye lile daftari kwa kazi nzuri. Siku nilipolipeleka kwa kosa, nikaambiwa litamwumiza mwingine. Basi nendeni mkajisifu kwamba nyie ni mafundi wa mikono, karatasi ni za waoga. Mie nimejisifu hivyo. Karatasi niliyoidharau ndiyo iliyonilinda, na ndiyo iliyomla mtoto wa watu.

Mama Eliya aliniaga mwaka ule kwa keki na saa ya ukutani. Akasema mbele ya wote kwamba nimeitumikia kampuni bila doa. Nilikata keki. Saa iko Madale nyumbani kwangu, inakwenda vizuri, nimeigeuzia ukutani.

Mwaka huu nimekwenda kumtafuta Neema. Nilielekezwa Kimara, kwenye gereji ya jenereta na injini za boti, nyuma ya duka la mabati. Nikamkuta amelala chini ya injini ya boti ya silinda sita. Alitoka, akafuta mikono, akaniamkia kama zamani. Nilitamani asingeniamkia.

Nikamwambia yote. Waya, kiganja, siku tisa, ofisi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua siku ile ile injini ilipoletwa," akasema. "Hukuwa na haja ya kupanda kilima kuniambia."

"Kwa nini hukusema ni mie?"

"Niseme nini, mzee? Kwamba nilikuwa na kiberiti mfukoni nikaona aibu?" Akatema pembeni. "Sikukulinda wewe. Usiende Madale ukilala vizuri kwa kudhani nilikulinda. Nilisaini kitu sikukipima. Hiyo ni yangu."

"Na yangu?"

"Yako ni zile siku tisa. Ungesema siku ya kwanza, kabla hawajaandika, labda wangenisimamisha miezi. Siku ya kumi ulikuwa unakuja kuosha shati lako."

Nikainuka niende.

"Kaa," akasema. "Una haraka gani, umestaafu. Hii injini nimeifunga sensa leo, mwenye boti anakuja kuichukua. Msaidizi wangu hayupo."

Akatoa kiberiti cha gesi kwenye ovaroli, akanipa. Yeye akaenda upande wa pili wa injini, penye kioo, ambapo hanioni nami simwoni. Nikachomoa sensa ya kwanza. Nikawasha.

"Moja," akasema kutoka kule.

Nikaenda ya pili. "Mbili." Ya tatu, ya nne, ya tano. Ya sita ilikuwa mbali, ikabidi nipige goti. "Sita," akasema. Zote zilikuwa sawa. Nikazima kiberiti, nikasubiri aseme basi.

"Rudia," akasema. "Kuanzia mwanzo."

Nikarudia.